BIMA KUBWA IPO, GARI HALITENGENEZWI! Sisi wa vikandarasi Kibaha tunakata bima gani?

Najua nimekuwa kimya, na wawili watatu mliniuliza kama nimepata ajira nikaisusa blogu. Hapana bana. Nilikuwa nazunguka na mjomba kati ya Maili Moja na Posta kwenye ofisi za bima, faili mkononi, mimi nikiwa kama katibu wake, kwa sababu eti ndiye niliyemaliza fomfoo kwenye ukoo na Kiingereza cha kwenye makaratasi naweza kukisoma. Leo nawaelezea kilichotokea, lakini zaidi nataka tuichambue ishu yenyewe, maana naona Kibaha nzima tunabishana kitu ambacho siyo.

Sisi tukikaa kijiweni mjadala wa bima ni mmoja tu: ukate kubwa au ndogo? Wenye hela wanasema kubwa. Wasio na hela wanasema ndogo inatosha, trafiki akisimamisha si anaangalia tu kama bima iko hai? Mjadala unaishia hapo, kahawa inaisha, watu wanatawanyika. Mimi naona hilo ni swali la pili. Swali la kwanza, kwa yeyote anayefanyia kazi gari lake (fundi mabomba, fundi umeme, mpiga plasta, mchimba visima, mkandarasi wa darasa la saba na yule anayemfuata nyuma bila usajili) ni kale kamstari kamoja kwenye fomu kanakouliza MATUMIZI YA GARI. Kamstari hako ndiko kalikomtoa mjomba jasho.

Mjomba ni fundi mabomba. Anachukua kazi chini ya mkandarasi mkubwa aliyesajiliwa, anapewa kipande chake, anakuja na vijana wake, wanamaliza, analipwa kwa invoisi. Tangu viwanda vianze kuota kule Zegereni, na zaidi tangu bandari kavu ya Kwala na treni ya mizigo ya SGR vizinduliwe Julai 2025, simu yake haikai kimya. Ana Toyota Noah, namba za njano, yaani imesajiliwa kama gari binafsi. Viti vya nyuma kabisa alishaving'oa zamani. Juu keria, ndani mashine ya kuunganishia mabomba, spana, mifuko miwili ya saruji, na sisi vijana watatu tumekaa kama tunavyojua. Jumapili Noah hiyo hiyo inafagiliwa, inapelekwa kanisani.

Septemba 2025 tulikuwa tunakwenda saiti upande wa Mlandizi. Mnaijua hiyo barabara. Ukitoka Kimara unakuja umenyooka kwenye njia nyingi zile pana, ukishaipita Maili Moja mambo yanabana, malori ya Kongo na Zambia mbele na nyuma, mabasi ya mikoani yana haraka zake. Tulipofika Visiga bodaboda mmoja akakata kulia bila kuangalia. Mjomba akamkwepa, hakumkwepa vizuri. Yule dogo alivunjika mguu, tukamkimbiza Tumbi. Noah ikaenda kugonga kalavati: rejeta, bampa, taa zote mbili, mguu wa mbele wa kushoto, na chasisi ikapinda. Sisi ndani tulitoka na michubuko tu, mmoja wetu bega likamtoka.

Nakumbuka mjomba amekaa pembeni ya barabara anasema, "Haina shida mjomba, bima kubwa si ipo." Alisema hivyo kama mara tatu.

Bima kubwa ilikuwepo kweli. Alikatiwa na wakala mmoja hapa hapa mjini, dada mchangamfu sana, "shikamoo baba, karibu baba, nikukatie kubwa ulale usingizi". Fomu alijaza yule dada, mjomba akasaini. Pale kwenye matumizi dada aliandika neno moja: binafsi. Hakuuliza. Namba za njano aliziona, akamaliza.

Tukapeleka kila kitu: ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, leseni, picha, makadirio ya gereji yaliyokuwa milioni 5 na ushee. Mkadiria hasara akaja kuiangalia Noah, kijana mstaarabu, akapiga picha. Alipiga nje, akapiga na ndani. Akapiga yale mabomba, akapiga sehemu vilipokuwa viti. Akauliza mlikuwa mnakwenda wapi, mjomba akajibu ukweli wake wote bila kuficha, na kwa nini afiche? Wiki kadhaa baadaye ikaja barua. Kwa kifupi ilisema gari lilikuwa linatumika nje ya matumizi yaliyokubaliwa, kwa hiyo kampuni haitalipa matengenezo, na kuhusu majeruhi inahifadhi haki zake. Jina la kampuni sitalitaja, msiniulize, suala bado liko mezani na pia sidhani kama ni wao peke yao wenye tabia hii.

Sasa tuchambue.

Usiku ule nilikaa na ule mkataba, kurasa nyingi kwa maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Kwenye cheti chenyewe kuna sehemu inasema gari litumike kwa nini na lisitumike kwa nini. Nikitafsiri kwa lugha yetu: litumike kwa mambo ya kijamii, ya nyumbani na ya starehe, NA kwa biashara ya mwenye bima mwenyewe. Nikaruka! Nikamwamsha mjomba nikamwambia tumeshinda, wameandika wenyewe biashara yako inaruhusiwa. Nikaendelea mstari wa chini yake: mkataba haulipi gari likitumika kwa kukodishwa au kwa malipo, kwa mashindano, au kwa kubeba bidhaa za biashara yoyote, ISIPOKUWA SAMPULI.

Mjomba akauliza, "Sampuli ndiyo nini?" Nikamwambia ni kama kipande cha kuonyesha mteja. Akacheka, cheko la kukasirika. "Kwa hiyo ningebeba bomba moja ningelipwa?"

Wadau, hilo ndilo swali lenyewe, na siyo la kipuuzi. Maneno haya mjomba hakuandikiwa yeye peke yake. Ni maneno ya siku nyingi, ya asili ya Kiingereza, yamerithiwa kwenye mikataba mingi ya magari binafsi Afrika Mashariki. Yaliandikwa yakimfikiria afisa mauzo anayezunguka na kijisanduku cha sampuli kwenye buti. Huyo anakwenda kumwona mteja, anarudi nyumbani, gari lake ni lile lile la binafsi. Fundi wa Kibaha hakufikiriwa. Yeye gari ndilo stoo, ndilo ofisi, ndilo basi la wafanyakazi.

Kwa hiyo mpaka uko hapa, na nimeuelewa baada ya kuuliza watu wengi. Mhandisi au msimamizi anayekwenda saiti na laptopu na kofia ngumu, akirudi jioni, kwa mkataba wa namna hiyo yuko ndani, maana ni biashara yake mwenyewe na habebi bidhaa. Fundi umeme aliyebeba sanduku la zana zake, hapo unaweza kubishana, zana si bidhaa, hauzi koleo. Lakini ukishapakia roli za waya, mabomba, mifuko, milango, vitu vitakavyobaki kwa mteja na vitakavyolipwa, umeshavuka. Na ukivuka, ukubwa wa bima hausaidii. Unaweza kuwa na kubwa kuliko zote nchini.

Kuna jamaa atasema, basi anayelipia bima ndogo ni mjanja, kapoteza hela kidogo. Ngoja kwanza. Bima ndogo nayo ina kamstari kale kale.

Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inasema hakuna gari barabarani bila bima ya kumlinda mtu wa tatu kwa kifo au majeraha, na ukikutwa bila hiyo ni kosa la jinai. Lengo la sheria si mwenye gari, ni yule dogo wa bodaboda. Ndiyo maana kuna visingizio ambavyo sheria imeikataza kampuni kumtupia majeruhi, mfano kwamba mwenye gari alifanya au hakufanya jambo fulani baada ya ajali. Na mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya mwenye gari, kwa dhima ambayo bima inaibeba, kampuni inatakiwa imlipe majeruhi. Lakini hayo maneno "ambayo bima inaibeba" yana uzito. Kampuni inaweza kusimama ikasema matumizi haya hayakuwahi kuwa ndani ya mkataba tangu mwanzo, sisi hatumo. Na wakikubaliwa hoja hiyo, tafsiri yake ni kwamba mjomba siku ile alikuwa barabarani kama mtu asiye na bima! Matibabu ya mguu wa mtu, siku alizokosa kazi, vyote vinamwangukia fundi mabomba. Hiyo ndiyo maana ya "inahifadhi haki zake". Mimi nilidhani ni maneno ya adabu.

Noah ukiniuliza mimi si kitu. Chasisi itanyooshwa au itauzwa skrepa. Kinachomnyima mjomba usingizi ni yule dogo, ambaye ana mtoto mchanga na alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba. Mama yake ameshakuja nyumbani mara mbili. Hakuja kwa ugomvi, anakaa tu kwenye kigoda, anapewa chai, anaondoka. Mnaelewa ninachosema.

Tuje kwenye hela, maana najua kuna mtu anasoma huku anapiga hesabu. Kwa gari dogo binafsi bima ndogo wengi tumeizoea kwenye 118,000, yaani laki moja na VAT yake ya asilimia 18. Bima kubwa ya gari binafsi kiwango kinachojulikana ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari, halafu VAT. Noah ya milioni 14: asilimia 3.5 ni 490,000, VAT 88,200, jumla 578,200. Gari la biashara asilimia inapanda, na inapanda zaidi kama unabeba mizigo ya watu kwa malipo kuliko kama unabeba ya kwako mwenyewe. Uliza kampuni yako bei kamili, mimi nachukua asilimia 5 kama mfano wa kupigia hesabu tu: 700,000, VAT 126,000, jumla 826,000. Tofauti ni 247,800 kwa mwaka. Kwa mwezi 20,650. Ukigawa kwa siku 26 za kazi haifiki mia nane kwa siku. Tulikuwa tunakunywa soda za zaidi ya hapo kila tukisimama Mlandizi, na mjomba ndiye aliyekuwa analipa.

Nikisema hivi msinielewe kwamba nawatetea kampuni za bima. Lakini haki yao tuwape: gari linalokwenda kanisani Jumapili na gari linalopakia mabomba siku sita kwenye barabara ya Morogoro si gari moja, hata kama ni Noah ile ile. La pili litapata ajali mapema zaidi. Wanaolipia binafsi wakifidiwa kwa ajali za kazi, bei ya wote inapanda. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu uko kwenye meza ya wakala. Wakala anakula kamisheni siku ya kuuza. Siku ya fidia hayupo, simu haipokelewi, au inapokelewa, "baba subiri niwasiliane na makao makuu". Hana sababu ya kukuuliza maswali yatakayopandisha bei ukaondoka kwenda kwa wakala wa jirani mwenye banda lake mita kumi mbele. Wazee wanasema zamani haya mabanda hayakuwepo. Kulikuwa na Shirika la Bima la Taifa peke yake, lililoanzishwa 1963, mpaka soko lilipofunguliwa miaka ya 90 kwa sheria ya 1996. Ushindani umeleta huduma mpaka mtaani, hilo nakubali. Ila umeleta na ushindani wa kutokuuliza.

Na tusijisahau sisi wenyewe. Mjomba alisaini. Kwenye bima kuna kanuni kwamba unatakiwa useme ukweli wote muhimu hata kama hujaulizwa vizuri, na saini yako chini ya fomu inasema "haya ni ya kwangu". Utetezi wake ni kwamba mwandiko ni wa wakala, gari wakala aliliona, keria na mabomba aliyaona. Mimi naona ni hoja nzuri. Ila hoja nzuri na fidia ni vitu viwili tofauti.

Kuna jambo jingine dogo ambalo lilikaribia kutumaliza kabisa, na sijawahi kuona mtu akiliandika. Invoisi. Mjomba kwenye invoisi zake kwa mkandarasi mkubwa alikuwa anaandika mistari: kazi, vifaa vidogo, na USAFIRI 60,000. Mabomba yenyewe yalikuwa mali ya mkandarasi, sisi tuliyachukua stoo kwake. Unaona ilivyokaa? Kwa macho ya kampuni ya bima huyu si fundi tena aliyebeba vitu vya kazi yake, ni mtu anayebeba mzigo wa mwingine kwa malipo. Hata kama angekuwa na bima ya biashara ya daraja la mizigo yake mwenyewe, mstari huo mmoja ungeweza kumsukuma kwenye daraja la mizigo ya watu. Kwa hiyo ukienda kukata bima usiangalie gari tu. Beba na invoisi zako mbili tatu, umwonyeshe: mimi ndiyo hivi ninavyolipwa, niweke daraja gani? Kama ni kweli unabeba mizigo ya watu, sema, ulipie, na LATRA nao wana leseni yao ya usafirishaji wa mizigo wataitaka. Namba za njano hapo hazitakufaa.

Halafu sisi vijana tuliokuwa ndani. Hapa ndipo nilipochoka. Nilidhani bima kubwa inatulipa na sisi. Kumbe ile bima ya lazima ya kisheria haikuwekwa kwa ajili ya mfanyakazi anayeumia akiwa kazini kwa mwajiri wake, huyo amewekewa njia nyingine, ambayo sasa ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri anajisajili, anachangia, mfanyakazi akiumia kazini, ikiwemo safari ya kikazi kama ile, mfuko unahusika. Mjomba hajawahi kujisajili. Sisi hatuna mkataba wa maandishi, tunalipwa jioni. Yule mwenzetu wa bega alijitibu kwa hela ya mchango. Tena akili za haraka haraka zinasema abiria wa Noah si wamo kwenye bima kubwa? Wanaweza kuwemo, kama kipengele cha abiria kimeongezwa na kimelipiwa. Kwenye mkataba wa mjomba kilikuwa na mstari mtupu.

Leseni nayo msiisahau, nitaipita haraka. Daraja D ni la magari ya kawaida lakini halijumuishi ya biashara. La biashara lisilo la abiria linataka E. Mimi nina D, na mjomba alikuwa ananituma na Noah mpaka Kisarawe kufuata vitu. Siku mkibadilisha gari kuwa la biashara, na dereva mwenye D akakamata usukani, mmeziba tundu moja mmetoboa jingine, kwa sababu mkataba unadai dereva awe na leseni halali ya gari lile.

Na kuna ile imani kwamba "mradi una bima". Nimeisikia saiti zaidi ya moja. Ni kweli mkandarasi mkubwa mara nyingi anatakiwa awe na bima ya mradi, ile wanayoiita CAR, kifupi kinachofanana na neno gari la Kiingereza mpaka mafundi wanadhani ndiyo bima ya magari! Si ya magari. Inalinda kazi yenyewe inayojengwa, na kwa kawaida magari yenye namba za kutembea barabarani yametolewa humo waziwazi. Kijiko na mashindilio yanaweza kuingizwa kwa utaratibu wake. Noah yako haimo. Yule mkandarasi wetu alipompa mjomba kazi alidai atumiwe picha ya stika WhatsApp, akaandika "poa". Stika ilikuwa hai, na kweli ilikuwa halali, ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA inakuja safi. Mfumo umesaidia sana kuua zile stika feki za zamani. Lakini stika inasema bima ipo. Haisemi bima hiyo inafanana na kazi unayofanya.

Sasa mimi ningekata ipi? Nimeulizwa hivyo na fundi aluminiamu mmoja wa Picha ya Ndege ambaye ana kirikuu, nikamjibu hivi. Kama una hela ya aina moja tu, na gari lako linabeba vifaa, bora bima ndogo iliyoandikwa BIASHARA kuliko bima kubwa iliyoandikwa BINAFSI. Ya kwanza haitakutengenezea gari, lakini utakayemgonga analipwa na wewe hulali rumande wala huuzi kiwanja. Ya pili inakupa usingizi wa uongo kwa bei ya juu. Ukiweza kubwa ya biashara, kata, hasa kama gari ndilo linalokulisha na huna akiba ya kununua jingine. Usishushe thamani ya gari ili ada ipungue. Ukiliandikisha milioni 8 wakati ni la 14, siku ya fidia wanaweza kukulipa kwa uwiano huo huo, tena bado kuna kile kiasi cha kwanza unachobeba mwenyewe. Hicho nacho kiulize kabla, maana kwenye ajali ndogo kinaweza kumeza fidia yote.

Na fomu jaza wewe. Kama hujui kusoma Kiingereza mwite mtoto wa jirani, mwite hata mimi. Kwenye matumizi usiandike neno moja, andika sentensi: "kwenda saiti, kubeba zana, vifaa vya ujenzi vya kazi zangu na vijana watatu". Piga picha fomu kabla haijaondoka mezani, jitumie mwenyewe WhatsApp. Mjomba hakuwa na nakala. Tulimaliza majuma tukiiomba, na tulipoipata ndipo tukauona ule mwandiko wa dada. Lipa mwenyewe kampuni kwa namba ya malipo upate risiti, maana bila ada kuingia bima haijaanza, hata kama wakala amekupa kavanoti na tabasamu.

Kilichobaki kwetu ni malalamiko. Tulianza kwa kampuni yenyewe kwa maandishi, wakashikilia msimamo. Sheria ya Bima ya 2009, ile iliyoiunda TIRA, iliweka pia Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, kwa ajili ya watu kama sisi ambao wakili ni wa kumsikia redioni. Barua nimeandika mimi, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Nimeambatanisha fomu yenye mwandiko wa wakala, picha ya Noah iliyopigwa bandani kwake siku ya kukata bima na mabomba yanaonekana juu ya keria (bahati tu, mjomba alikuwa anampigia picha mteja), na ule ukurasa wa sampuli. Hoja yetu kuu siyo kwamba mabomba ni sampuli, mjomba alitaka niandike hivyo nikamkatalia. Hoja yetu ni kwamba mtu wa kampuni aliliona gari lilivyo, akaandika asichokiona, akapokea hela. Na ombi letu la kwanza, mjomba mwenyewe kalipanga hivyo, si Noah. Ni kwamba yule dogo alipwe kwanza, mengine yafuate.

Tunasubiri kuitwa. Kwa sasa mjomba anakodi kirikuu cha jirani kwa siku, na nilipomuuliza hicho nacho bima yake imeandikwa nini, alinyamaza, akasimama, akaenda kwa jirani kuuliza. Akarudi.

"Binafsi," akasema.

Wadau, walioshawahi kufika mbele ya msuluhishi kwa suala la matumizi ya gari naomba mniambie hapo chini ilikuwaje, mlitakiwa mpeleke na shahidi au karatasi zinatosha? Na kama kuna wakala anayesoma hapa, asikasirike, aje na yeye aseme upande wake.